Dai si deni: bili ya kebo iliyonifuata baada ya miezi saba

Nilijua shimo ni langu kwa sababu ya ndoo. Picha ilikuwa imechapwa kwa wino hafifu, nyeusi na nyeupe, na mashimo yote hufanana. Lakini kando ya udongo uliochimbuliwa ilisimama ndoo yenye mpini wa kamba. Kamba ile niliifunga mwenyewe baada ya mpini wa waya kukatika, na fundo lake ni la mtu anayeshona, si la mtu anayefunga mizigo. Nikavuta kiti nikakaa.

Barua ilikuwa na kurasa nne. Haikutoka kwa kampuni ya mawasiliano yenye kebo. Ilitoka kwa kampuni ambayo sikuwahi kuisikia, iliyosema "inamwakilisha mmiliki wa miundombinu". Ilikuwa na namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, jina langu kwa herufi kubwa, maneno KIASI UNACHODAIWA, na siku 14 za kulipa. Kiasi chenyewe kilikuwa zaidi ya mara nne ya gharama ya uzio wote ambao shimo lile lilichimbwa kwa ajili yake: nguzo, waya, saruji na ufundi.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Nguzo zilikuwa 11, nane zimeshasimama. Fundi alikuwa kwenye shimo la tisa, lile la karibu na barabara, na alikuwa ameweka sepetu chini ameshika mtaimbo maana udongo ulikuwa mkavu kama kigae. Mimi nilikuwa najisogezea mawe. Nikasikia mlio umebadilika. Haukuwa ule wa chuma na jiwe, ulikuwa mlio butu, kama mtu amepiga gunia. Akanyamaza. Halafu akasema, "Dada, hebu njoo uone hiki."

Kilikuwa kitu cha rangi ya machungwa, unene wa kidole gumba, kimepasuka ubavuni. Ndani yake mlikuwa na mrija, na ndani ya mrija nyuzi za rangi mbalimbali, nyembamba mno, zimechomoza kama nywele za brashi iliyochakaa. Ukikata bomba la maji, maji yanakupigia kelele. Ukikata umeme unaweza usiishi kusimulia. Faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayobeba intaneti kwa mwanga, inakufa kimya. Hakuna cheche wala harufu, ndege wanaendelea kuimba, na mahali fulani watu wanaanza kuzima na kuwasha vifaa vyao wakidhani vimeharibika.

Nilikuwa na tepu ya kushonea shingoni, kama kawaida yangu. Niliishusha shimoni bila hata kufikiri: sentimita 18. Nikapiga picha, tepu ikiwa ndani ya shimo. Ukiniuliza kwa nini nilipima, sina jibu la busara. Mshonaji hupima.

"Tufukie, dada," fundi akasema. "Nani atajua?"

Nilishawishika, nisijifanye malaika. Lakini nilimfikiria mtu wa nyumba ya pili aliye katikati ya mazungumzo na daktari wake, nikapiga simu. Vijana wawili wakaja saa kumi na moja jioni. Walikuwa wapole, wakafunika shimo kwa hema dogo, na mmoja wao akanionyesha anachofanya alipoona nimeinama kama mwanafunzi. Anavua ganda la uzi, anaufuta kwa spiriti, anaukata ncha kwa kifaa kidogo kama kibanio, kisha anaziweka ncha mbili zitazamane ndani ya mashine yenye kioo kidogo. Kwenye kioo zilionekana nene kama fito, ingawa uzi wenyewe wa kioo una unene wa milimita 0.125 tu. Cheche moja ya samawati, zikayeyuka zikawa moja. Akahamia uzi unaofuata. Saa mbili na nusu usiku walikuwa wamemaliza.

"Hamna neno, dada, haya ni mambo ya kila siku," mmoja akasema, akanipa karatasi. "Saini hapa, ni ya kuonyesha tumefika."

Nikasaini kwa mwanga wa simu. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa ukurasa wa tatu wa ile barua. Kichwa chake: Taarifa ya Uharibifu. Na katikati, kisanduku kilichowekewa tiki: "Mhusika amekiri." Tiki hiyo siikumbuki.

*

Swali la kwanza lililonikosesha usingizi lilikuwa la kipuuzi: hawa ni akina nani? Nilidhani ni matapeli, na kwa kweli inafaa kuanza na shaka hiyo. Nilitafuta namba ya kampuni yenye kebo mimi mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua, nikawauliza kama faili ile wanaijua. Wanaijua. Wameikabidhi.

Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda. Kampuni yenye maelfu ya kilomita za kebo hukatiwa kebo mara kwa mara, na kumfuata kila mwenye jembe ni kazi ya peke yake. Kwa hiyo kazi ya kudai hupewa wakala, ambaye mara nyingi hulipwa kwa fungu la kile anachokipata. Huyo wakala hajaona shimo. Mbele yake ana faili: karatasi moja ya mafundi, picha mbili tatu, na jedwali la viwango. Kuchelewa nako hakuna njama. Faili imetoka kwa mafundi ikaenda uhasibu, ikakaa, ikaenda kwa wakala, ikakaa tena. Ila muda huo unamfaa anayedai kuliko anayedaiwa. Kwa miezi saba shimo limejazwa saruji, fundi amebadilisha namba ya simu, na wewe umefuta picha ili kupata nafasi ya video za harusi. Yangu haikufutika kwa sababu tu mimi ni mvivu wa kufuta.

Mama yangu alitulea na msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nilipoisoma barua kwa mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba nimekuwa nikiusikia msemo huo masikioni bila kuuliza kama unanihusu. Deni ni kitu ulichokikopa, au ulichokikubali, au ulichoamriwa na mahakama. Dai ni mtu mmoja kusema. Maneno yanakaribiana, na barua za namna hii zimeandikwa kwa ustadi ili usiyatenganishe: kiasi hakiitwi makadirio, kinaitwa salio. Siku 14 haziitwi ombi, zinaitwa muda wa mwisho. Hakuna hakimu aliyeigusa ile karatasi, lakini ukiishika mkononi inakutazama kama hukumu.

Haya nayasema leo. Siku ile nilipiga simu nikiwa na hasira, na hilo ndilo kosa lililonigharimu zaidi.

Aliyepokea alikuwa kijana mwenye sauti ya upole kabisa. Aliniacha niseme. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, mama, ulikuwepo wakati kebo inakatwa?" Nilikuwepo. "Na fundi alikuwa anafanya kazi kwa maelekezo yako?" Ndiyo. Nilikuwa nasikia vidole vyake vikigonga kibodi. Halafu, bila mimi kuomba, akaniambia nikilipa kabla ya Ijumaa wataniondolea asilimia 20.

Nusura nilipe. Asilimia 20 ilinijia kama huruma. Usiku ndipo nilipojiuliza: kama gharama hizi zote zilitumika kweli, mtu asiyenijua anawezaje kunifutia sehemu ya tano kwenye simu ya dakika sita, bila kumuuliza mtu yeyote?

Asubuhi nikaikumbuka bima. Bima ya nyumba nyingi ina kifungu cha dhima kwa watu wengine, yaani madhara unayomsababishia mtu asiye wa nyumbani kwako, na wengi wetu hatukisomi kwa sababu tulikata bima tukiwaza moto na wezi. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Masharti mawili yaliniumiza: toa taarifa mapema iwezekanavyo, na usikiri wala kuahidi malipo bila ridhaa yao. Nilikuwa nimechelewa miezi saba kwenye la kwanza, na kwenye la pili nilikuwa nimekiri jana yake tu kwa simu, kwa hiari yangu, tena kwa hasira. Dada wa bima alivuta pumzi ndefu. Faili waliipokea mwishowe, baada ya kunung'unika, lakini kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe kilikuwa kikubwa. Walichonisaidia kikawa ushauri mmoja: usizungumze nao tena kwa simu, andika.

*

Shemeji yangu ameunga faiba kwa miaka mingi. Alikuja jioni, akaisogeza cherehani, akaiweka barua mezani na kuisoma huku akipitisha kalamu kila mstari, kama mtu anayetafuta uzi uliolegea.

"Shemeji, hizi mita 62 za kebo mpya zimekwenda wapi?"

Sikujua. Niliona wakiunga palepale.

"Watu wanne kwa saa 11, viwango vya usiku?"

Walikuwa wawili. Saa kumi na moja mpaka saa mbili na nusu ni muda wa saa tatu na nusu, na mwanzoni kulikuwa bado na mwanga.

Akaendelea kushuka: gari la kazi, mashine ya kuungia kwa kukodi (mashine ambayo ni yao), gharama za usimamizi zilizokokotolewa kwa asilimia juu ya jumla, kisha kitu kilichoitwa "hasara ya kukosa matumizi", ambacho peke yake kilikuwa karibu theluthi ya dai lote.

Mwisho wa faili kulikuwa na mchoro kama wa mapigo ya moyo. Ni matokeo ya kile kipimo kinachopiga mwanga ndani ya faiba na kusikiliza unavyorudi. Kwa muda wa mwanga kurudi, kinakadiria umbali mpaka mahali palipokatika. Kilisema mita 431 kutoka kwenye kabati lao la mtaani. Kesho yake nilipima njia yote kwa miguu na kamba: mita 388. Nikarudi nikikimbia. Si shimo langu! Kebo imekatika mita 43 mbele!

Shemeji alicheka hadi akavua miwani. Mafundi, akasema, huacha mizunguko ya akiba ya kebo kwenye mashimo yao ili siku ikikatika wapate pa kuvutia, na nyuzi zenyewe ndani ya ganda hazikai zimenyooka. Urefu wa kioo huwa mkubwa kuliko urefu wa ardhi. "Ukiwaandikia hilo, watajua hujui."

Nikashikilia zile sentimita 18. Nilikuwa nimesoma kwamba mwongozo wa Uingereza, kwa mfano, unataka kebo za mawasiliano chini ya njia za waenda kwa miguu zikae kati ya sentimita 25 na 35, na juu ya ile niliyoikuta hapakuwa hata na utepe wa onyo, ile plastiki yenye maandishi inayolazwa juu ya kebo ili mchimbaji akutane nayo kwanza. Hapo shemeji hakucheka. Aliitazama picha ya tepu ya kushonea muda mrefu. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna wakala aliyewahi kuniuliza: "Pale hukuwahi kusawazisha?"

Nilisawazisha. Miaka miwili kabla ya uzio nililipa mtu akwangue kile kijinundu maana maji ya mvua yalikuwa yanarudi mlangoni. Kiasi gani kiliondoka, sijui. Tepu sikuitumia siku ile. Kebo inaweza kuwa ilizikwa vizuri kabisa, mimi ndiye niliyeuondoa udongo juu yake.

Ndivyo hoja zangu mbili za kujitetea zilivyokufa katika jioni moja, na lililobaki likawa ndilo nililokuwa nalikwepa: je, kabla ya kuchimba, uliuliza?

Sikuuliza. Haikunijia hata kuwaza. Na kuuliza si jambo gumu pale palipo na utaratibu wake. Marekani kuna namba moja kwa nchi nzima, 811, inayofanya kazi tangu 2007. Unapiga siku chache kabla, bila malipo, na wenye mabomba na nyaya wanakuja kuchora ardhi yako kwa rangi: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, samawati ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka, na rangi ya machungwa ni mawasiliano, ileile ya ganda nililolikuta shimoni. Nyeupe ni yako wewe unayechimba, uonyeshe unataka kupita wapi. Mistari hiyo haisemi kina, inasema njia tu, na kando yake, kwa majimbo mengi sentimita 45 hadi 60 kila upande, unatakiwa uweke mashine pembeni uchimbe kwa mkono taratibu. Shemeji aliongeza kwamba hata mchoraji hana macho ya ajabu: kifaa chake husikia chuma, na faiba ni kioo na plastiki. Isipokuwa kebo ina sehemu ya chuma, au imelazwa pamoja na waya wa kuifuatilia, anachora kwa kufuata ramani, na ramani huchorwa na binadamu. Ndiyo maana kuuliza na kujibiwa vyote vina uzito. Mchimbaji aliyeuliza akachorewa vibaya yuko mahali tofauti kabisa na mimi.

(Wanaokata faiba bila kujua ni ukoo mkubwa. Mwaka 2011, katika nchi ya Georgia, bibi wa miaka 75 alikuwa anachimba akitafuta shaba ya kuuza, akakata kebo, na sehemu kubwa ya Armenia, nchi ya jirani, ikakaa bila intaneti kwa saa kadhaa. Shaba yenyewe haimo kwenye faiba. Namkumbuka kila nikijiona mjinga.)

*

Shemeji anajua kioo; sheria ilibidi niitafute mwenyewe, usiku, baada ya kazi. Sikuwa nategemea kuwa wakili. Nilitaka nipate maneno ya kumwambia wakala badala ya "hii si haki", maneno ambayo nilishayatumia kwenye simu na hayakunifikisha popote.

La kwanza nililolipata ni la zamani na ni rahisi: fidia kazi yake ni kumrudisha aliyeumizwa pale alipokuwa, si kumpeleka mbele. Ukivunja dirisha kuukuu, humnunulii mwenyewe nyumba yenye madirisha mapya. Mita 62 za kebo mpya zilikuwa zimesimama hapo.

La pili ni kuhusu ile "hasara ya kukosa matumizi". Juni 1970, Birmingham, Uingereza, wakandarasi waliokuwa wakichimba barabara walikata kebo ya umeme. Haikuwa kebo ya kiwanda cha Spartan Steel, lakini ndiyo iliyokilisha umeme, na kiwanda kilichofanya kazi usiku na mchana kikakaa saa 14 na nusu bila umeme. Chuma kilichokuwa tanuruni kikaharibika. Katika saa hizo, wenye kiwanda walisema, wangeyeyusha mafungu mengine manne. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufaa, jaji Lord Denning akiwamo, iliigawa hasara hiyo mara mbili: chuma kilichoharibika pamoja na faida yake, lipeni, yale mafungu manne ambayo hayakuingia tanuruni, hapana. Jaji mmoja kati ya watatu alikataa mgawanyo huo, na nikisoma hoja zake naona hakuwa na wazimu. Lakini mgawanyo ukabaki. Umeme ukikatika, Denning alisema kwa namna yake, watu wengi huvumilia na kufidia kazi kesho yake. Wakiruhusiwa wote kudai, madai hayatakuwa na mwisho.

Sasa, wakala wangu hakuwa kiwanda cha jirani, alikuwa anamsemea mwenye kebo, na mwenye kebo yuko kwenye nafasi bora. Kwa hiyo kesi iliyonikaa vizuri zaidi ni ya Florida, 2008. Mkandarasi alikata faiba ya kampuni ya simu ya MCI. Kampuni ikahamishia mawasiliano kwenye njia zake nyingine, wateja hawakukosa huduma, kisha ikadai pia kiasi ambacho ingelipa kama ingekodi njia nyingine kama ile. Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hapana: hukukodi, hukupoteza, hudai. Hukumu ya Florida haimfungi mtu aliye nje ya Florida, na kuna mahakama nyingine Marekani zilizokwenda tofauti. Ila ilinipa swali la kuandika: je, mlikodi? Kama ndiyo, risiti iko wapi?

Kuna kanuni ya tatu niliyokutana nayo na sikuipenda. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza, ukimpa kazi mtu anayejitegemea, mwenye vifaa vyake na ujuzi wake, uzembe wake kwa kawaida ni wake, si wako. Yaani ningeweza kuandika mstari mmoja, jina la fundi na namba yake mpya, nikajitoa. Wakala mwenyewe alilidokeza baadaye: "Kama unaona si wewe, tupatie aliyechimba." Mtu anayelipwa kwa siku, anayekuja na mtaimbo begani. Tena mimi ndiye niliyesimama nikaonyesha kwa kidole: chimba hapa. Sikuandika ule mstari. Wapo watakaosema nilikuwa mjinga, na wakili yeyote atakuwa miongoni mwao.

Barua yangu ilikuwa nusu ukurasa. Nilisema sikubali kiasi, sijakiri uzembe, tiki kwenye kisanduku si yangu. Niliomba karatasi ya kazi ya siku ile yenye majina au namba za waliokuja na saa zao, stakabadhi za vifaa, ushahidi kwamba mita 62 zilitumika kwenye ukarabati huu, msingi wa ile hasara ya kukosa matumizi, na uthibitisho wa maandishi kwamba wao ndio wenye mamlaka ya kudai, nisije nikalipa halafu mwenye kebo akaja tena. Nikaambatanisha picha ya tepu na tarehe yake. Kuhusu kusawazisha, barua haikusema uongo. Ilinyamaza. Bado linanikwaruza kidogo.

Wiki sita kimya. Kisha barua nyekundu ya onyo la mwisho, iliyoandikwa kana kwamba yangu haikufika. Nikatuma nakala ya ileile na risiti ya posta. Kimya tena. Siku 14 zilikuwa zimepita mara kadhaa na dunia ilikuwa bado inazunguka. Hata hivyo sishauri mtu aipuuze barua ya namna hii mpaka igeuke wito wa mahakama, kwa sababu asiyejibu wito anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na hapo ndipo dai linapopata meno ya deni.

Kilichovunja ukimya kilikuwa bahasha nene. Ndani yake, karatasi ya kazi. Watu 2. Kuingia 17:05, kutoka 20:35. Mwandiko wa yule kijana aliyenionyesha cheche ya samawati. Hakuficha chochote, aliandika alichofanya. Watu wanne na saa 11 vilikuwa vimetoka kwenye jedwali la viwango la wakala, kwa ukarabati wa kawaida wa kukadiria. Kuhusu mita 62, maelezo yalikuwa kwamba kipande kile kilibadilishwa mwezi uliofuata kwa kuwa kilikuwa tayari na viungo vitatu vya zamani, na changu kilikuwa cha nne. Kila kiungo hupoteza mwanga kidogo, shemeji akasema, wana haki ya kuchoka nacho. Lakini viungo vitatu havikuwa vyangu. Kuhusu kukodi njia nyingine, hapakuwa na karatasi yoyote.

Kumbe si kina, si mchoro wa mwanga, si Lord Denning. Ni karatasi ya kijana mmoja mwaminifu, iliyokuwa kwenye faili yao muda wote.

Nilipendekeza kulipa saa saba za kazi (watu wawili kwa saa tatu na nusu), vifaa vya kuungia, na gari. Wakarudi na kiasi cha juu, nikarudi na changu, wakaongeza usimamizi kidogo, nikakubali kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu ya kile kijinundu. Ikawa chini kidogo ya sehemu ya tano ya dai la kwanza, na chini kidogo ya kile ambacho bima wangeniachia nijibebee, kwa hiyo nililipa mwenyewe. Sikutuma chochote mpaka nilipopata barua iliyosainiwa inayosema malipo hayo yanamaliza madai yote ya tarehe ile, dhidi yangu na dhidi ya yeyote aliyekuwa akinifanyia kazi. Maneno hayo ya mwisho niliyaongeza mimi kwa kalamu, wakayachapa.

Fundi nilimpata baadaye kupitia mtu wa tatu. Alikuja na bahasha ndogo, akaiweka juu ya cherehani bila kusema ni ya nini. Nilimrudishia. Akakataa. Tukabishana kwa adabu mpaka tukakubaliana atanirekebishia geti, na kazi hiyo akaifanya nusu siku nzima huku akipiga mluzi.

Nguzo ya tisa alikuwa ameisogeza ndani hatua moja tangu siku ile ya kebo. Uzio una kipindo pale, na kwa macho ya mtu anayeishi kwa kunyoosha mishono, nakiona kila ninapofungua dirisha.